Kinga na Kinga: Kofia na Miwani ya Mwendesha Bodaboda

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Sidhani kama kuna methali inayotajwa mara nyingi kuliko hiyo katika steji ya bodaboda pale Bokoli, Kaunti ya Bungoma, nilikozaliwa. Hutajwa kijana anapoulizwa mbona kofia yake ngumu imening'inia kwenye usukani badala ya kukaa kichwani. Hutajwa matangani, watu wakiwa wameinamisha vichwa. Hutajwa pia kwa kicheko, abiria anapoomba mwendo upunguzwe. Sisi wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kwamba methali ni hekima ya jamii iliyofumbatwa katika maneno machache. Aghalabu tunasahau kuongeza kwamba methali hiyo hiyo yaweza kugeuzwa mlango wa kulikimbia swali. Nia ya insha hii ni kuuchungulia mlango huo kupitia vitu viwili vidogo: kofia ngumu na miwani ya kuzuia upepo. Nitadai kwamba vitu hivi visipopatana, kinachovuliwa ni kofia, na kwamba kuvipatanisha ni suala la uhai wa vijana wetu, si la urembo.

Nina sababu ya kulijali suala hili. Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, ni mwendesha bodaboda. Alipomaliza kidato cha nne fedha hazikutosha kutusomesha sote wawili, naye akasema, bila kuombwa na mtu, kwamba mimi nitangulie. Sehemu ya karo ya shahada yangu ya uzamili imetoka kwenye kiti cha pikipiki yake. Ninapokaa maktabani nikisoma riwaya, yeye yuko barabarani kati ya Bokoli na Misikhu, au kati ya Misikhu na Webuye, na siku za soko hufika hata Kamukuywa. Kwa hiyo ninapokizungumzia kichwa cha mwendesha bodaboda, sizungumzii takwimu. Nazungumzia kichwa ninachokijua tangu kilipokuwa kikinyolewa kwa wembe chini ya mwembe wa nyumbani.

Msomaji asiyeyajua mazingira yetu na aelezwe kidogo. Barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Kitale ni ya lami, nayo hupita Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Nje ya lami kuna njia za udongo zinazoingia vijijini, na humo ndimo bodaboda hupata riziki yake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huning'inia hewani hata baada ya gari kupita. Trela za miwa hudondosha mabua na kuacha unga wa majani makavu nyuma yake. Mvua za kwanza zinapokuja huleta kumbikumbi, na jioni ile ile ambayo watoto hufurahi kuwakusanya kwa ajili ya kitoweo, mwendesha pikipiki huwapokea machoni. Alfajiri nayo ina baridi yake, hasa kwa anayepanda kuelekea Kitale, mji ulio takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Jicho lililo wazi katika upepo huo hutoa machozi, na jicho lenye machozi halioni shimo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Jicho hulalamika kila siku. Kichwa hunyamaza mpaka siku moja. Vumbi likiingia jichoni, mwenye jicho hulijua papo hapo, naye atatafuta dawa kabla ya jua kutua. Fuvu la kichwa halina malalamiko ya namna hiyo. Linaweza kuzunguka wazi barabarani miaka mitano bila kumwambia mwenyewe lolote, kisha likasema neno lake moja la mwisho. Kwa sababu hiyo mwendesha bodaboda akiwa na miwani isiyokaa vizuri chini ya kofia, hatauliza ni kipi muhimu zaidi kati ya viwili hivyo. Atakibakisha kile kinachomwondolea adha ya leo. Miwani itabaki usoni. Kofia itahamia kwenye usukani, au kwenye kiwiko cha mkono, au itaachwa nyumbani ikitagiwa mayai na kuku. Nimemwona mdogo wangu akifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na hakuwa mzembe wala mkaidi. Kofia yake ya wakati huo ilikuwa na ukingo ulioshuka mno kwenye paji la uso. Kila alipovaa miwani, ukingo uliisukuma chini ikambana pua hata akapumua kwa taabu. Alipoirudisha kofia nyuma ili miwani ipate nafasi, paji lote likabaki wazi, na kofia yenyewe ikawa kama kofia ya sherehe inayosubiri upepo wa kwanza.

Wanasayansi wamefika mbali katika kuieleza kofia hii, na kisa chao kina mwandishi ndani yake. Mwezi wa Mei mwaka 1935, T. E. Lawrence, askari na mwandishi Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alikuwa akiendesha pikipiki karibu na nyumba yake huko Dorset. Alipojaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, alianguka akaumia kichwa. Hakuwa na kofia ya kinga. Alifariki siku 6 baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo hicho hakikumtoka Cairns akilini. Alichunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki, hasa askari wapeleka barua, na mwaka 1941 akachapisha makala iliyoonyesha manufaa ya kofia ngumu. Jeshi la Uingereza likaanza kuwalazimisha waendesha pikipiki wake kuivaa. Raia wa kawaida wa nchi hiyo walifuata kisheria mwaka 1973. Mwaka 1953 Mmarekani C. F. Lombard alipata hataza ya kofia yenye tabaka la ndani la kumeza kishindo, na wazo hilo ndilo lililo ndani ya kila kofia ya maana mpaka leo.

Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza. Ganda la nje hutawanya pigo ili lisitue mahali pamoja. Chini yake kuna povu gumu, jamii ya lile linalofungashiwa televisheni, ambalo hubonyea na kufa badala ya ubongo. Hubonyea mara moja tu. Kofia iliyokwisha kupigwa lami imemaliza kazi yake hata kama ganda bado linang'aa, na ndiyo maana kununua kofia iliyotumika ni sawa na kununua kiberiti bila kujua njiti zilizobaki. Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Nchini Kenya, marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mwendesha pikipiki avae kofia na koti lenye kuakisi mwanga, naye abiria apewe vyake. Hivyo sayansi ipo na sheria ipo. Kilichobaki ni kichwa na kofia kukubaliana.

Makubaliano hayo, cha ajabu, niliyaelewa vyema kwa msaada wa watu wa nchi za theluji. Yeyote aliyetembea katika soko la mitumba la Kitale anajua kwamba makoti mazito ya bodaboda wetu yalishonwa kwa ajili ya michezo ya baridi Ulaya na Marekani. Makoti yale huja na ndugu zake: glavu nene, na mara moja moja miwani mipana yenye sponji pembezoni na mkanda mpana wa kuvutika. Hiyo ni miwani ya kutelezea kwenye theluji. Mdogo wangu aliipata ya namna hiyo katika rundo la mikanda na mikoba, akaijaribu, akaona inaziba macho kuliko yoyote aliyowahi kuvaa, akainunua. Wenzake stejini wakamwita rubani.

Kwa Mkenya, mchezo wa theluji si hadithi ya mbali kabisa. Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji, ndiye Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Yeye alishindana katika mbio ndefu za kuvuka nyika ya theluji, ambazo hazihitaji kofia ngumu. Miaka 20 baadaye, mwaka 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliteremka milimani Pyeongchang, Korea Kusini, kwa jina la Kenya. Mchezo wake ni wa kushuka mteremko kwa kasi ambayo katika baadhi ya mashindano hupita kilomita 100 kwa saa. Huko hakuna anayeshindana bila kofia ngumu, na hakuna kofia bila miwani.

Wachezaji hao wamejifunza jambo ambalo sisi bado hatujalipa uzito: kofia na miwani hununuliwa kwa pamoja. Ukingo wa chini wa kofia unapaswa kufuata mkunjo wa juu wa fremu ya miwani kama kifuniko kinavyoufuata mdomo wa chungu. Pakiwa na pengo, upepo wa baridi hupiga paji la uso, na wazoefu humtambua mgeni wa mlimani kwa pengo hilo. Pasipokuwa na nafasi kabisa, kofia huikandamiza miwani puani. Kuna siri nyingine ambayo haionekani kwa macho. Juu ya fremu kuna matundu madogo ya kutoa hewa yenye joto la uso. Ukingo wa kofia ukiyaziba, mvuke hukosa njia, na kioo hufunikwa na ukungu. Ndiyo sababu miwani bora ya theluji huwa na lenzi mbili zilizoachana kidogo, hewa ikiwa katikati, kwa kanuni ile ile ya chupa ya chai: kilicho ndani hakikutani moja kwa moja na baridi ya nje.

Hata hivyo si kila cha thelujini kinafaa Bokoli. Kofia ya kutelezea kwenye theluji hutengenezwa kwa kipimo chake, nayo ya pikipiki kwa chake. Ya kwanza ni nyepesi na haikukusudiwa mapigo ya pikipiki na lori. Akiikuta mtumbani, kijana wa bodaboda aiache huko. Miwani nayo ina hila yake. Lenzi zake hupewa daraja kuanzia S0 hadi S4, na alama hiyo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa fremu au lenzi. S0 hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. S2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43. S4 hupitisha chini ya asilimia 8, nayo haifai kuendeshea chombo chochote barabarani, hata mchana. Ile ya mdogo wangu ilikuwa S2. Mchana wa Kiangazi ilikuwa rafiki. Magharibi ilikuwa kitambaa cheusi machoni. Bodaboda hufanya kazi alfajiri na magharibi kuliko wakati mwingine wowote.

Likizo moja ya chuo nilimwambia, "Twende Kitale tutafute kofia itakayosikizana na miwani yako."

Akacheka. "Dada, kofia ni kofia. Kwani tunatafuta mchumba?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Na miwani ndiyo shangazi wa kumkagua."

Tulikwenda na miwani mfukoni na futikamba ya mama, ile anayopimia nguo za kanisa. Nyumbani nilikuwa nimekipima kichwa chake, utepe ukipita juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale nyuma panapotokeza zaidi. Sentimita 59. Tarakimu hiyo peke yake ilikuwa na faida, kwa kuwa kofia nyingi za pikipiki hutajwa kwa herufi, na herufi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, ilhali sentimita hazibadiliki. Hapa nilikumbuka washonaji wa kofia za viua kule Lamu. Hakuna fundi wa pwani anayeanza kutia uzi kabla ya kujua mzunguko wa kichwa cha mwenye kofia. Iwapo kofia ya kwendea msikitini hupimwa kwa makini hivyo, ya kukabiliana na lami itanunuliwaje kwa kukisia?

Katika duka la kwanza la vipuri, mwenye duka alikuwa mzee mpole aliyeshangaa kumwona mteja akitoa miwani mfukoni. "Kijana wangu, miwani ya nini? Hii ina kioo chake," akasema, akishusha kioo cha mbele cha kofia aliyotupa.

"Kioo hicho kikipata mikwaruzo ya vumbi miezi miwili, mzee, usiku taa za magari hutawanyika kama nyota," mdogo wangu akamjibu kwa heshima. "Nikikiinua nione, macho yanabaki wazi."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akatuletea kofia tatu.

Ya kwanza ilimtosha kichwa lakini dirisha la uso lilikuwa jembamba. Fremu ya miwani iligota pande zote mbili, na sponji ikajikunja kwenye mashavu. Ya pili ilikuwa na dirisha pana, miwani ikaingia kama iliyozaliwa humo, nasi tukaanza kufurahi. Kisha nikamwomba afunge mkanda wa kidevuni na kutikisa kichwa kama anayekataa jambo. Uso uligeuka, kofia ikachelewa. Nikaishika kwa nyuma, chini, nikaivuta kwenda juu na mbele; ikapanda karibu imfunike macho. Kofia inayovuka hivyo dukani itavuka vivyo hivyo hewani, nayo lami itakutana na kichwa kitupu. Ya tatu ilikuwa ya umbo la mashindano ya matopeni, yenye kidevu kilichochomoza na kijikingio cha jua juu. Ilimbana mashavu kidogo. Alipotikisa kichwa, ngozi ya paji ilikwenda pamoja nayo. Nikaivuta kwa nyuma, ikakataa. Akavaa miwani, mkanda wake ukipita nje ya ganda. Kati ya ukingo na fremu hapakuwa na pengo la kupitisha hata ncha ya kalamu, na matundu ya hewa yalibaki wazi. Akapumua kwa nguvu puani mara kadhaa. Ukungu ulikuja, ukaondoka.

"Hii," akasema, bila kuivua.

Palikuwa na suala la magharibi. Mzee alikuwa na miwani ya pikipiki yenye lenzi isiyo na rangi, ya bei ndogo. Tuliijaribu ndani ya kofia ile ile, kwa majaribio yale yale, nayo ikakaa. Hivyo tulitoka na kofia moja yenye miwani miwili: ile ya theluji kwa jua la adhuhuri, na ile nyeupe kwa alfajiri na magharibi. Gharama ya vyote ilikula mapato yake ya siku nyingi, na sitamlaumu kijana yeyote anayesitasita mbele ya bei ya namna hiyo. Lakini kofia isiyovaliwa ni ghali kuliko zote, maana fedha zake zimetoka na kazi yake haijafanyika.

Nisipomtaja abiria nitakuwa nimesema nusu ya jambo. Sheria inataka naye avae kofia, na mara nyingi kofia hiyo ipo, imefungwa nyuma ya kiti. Wanawake wenzangu huikataa kwa sababu zinazoeleweka: imevaliwa na vichwa vingi, ina harufu ya jasho, na haikai juu ya nywele zilizosukwa na kufungwa fundo. Sababu ya kwanza ina dawa. Kitambaa chepesi kilichofuliwa, kikivaliwa chini ya kofia, huleta usafi bila kuilegeza. Ya tatu ni kazi ya msusi: fundo la nywele kwenye utosi huinua kofia na kuacha masikio nje, ilhali nywele zilizolazwa chini, kisogoni, huiacha ikae. Mama anayepanga kusafiri kwa pikipiki kesho anaweza kulifikiria hilo leo, kama anavyofikiria viatu. Ikumbukwe pia kwamba petroli haifai kusafishia kofia, ingawa baadhi ya vijana huitumia kwa kuwa iko karibu. Petroli hula povu na kudhoofisha ganda la plastiki. Maji na sabuni hutosha.

Narejea sasa kwenye methali, maana hapo ndipo taaluma yetu inapodaiwa mchango. Neno ajali lilitujia kutoka Kiarabu, na katika asili hiyo maana yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa mtu kufa. Anayeisema methali kwa maana hiyo anakiri jambo la imani: siku ikifika, hakuna ngao. Sina ugomvi naye. Lakini katika Kiswahili cha leo ajali ni tukio: tairi limeteleza, ng'ombe amekatiza, lori limekosa breki. Msemaji wa stejini huchukua uzito wa maana ya kwanza akautwika maana ya pili, kisha akaitumia kuhalalisha kofia iliyoning'inia. Hata tukikubali kwamba tukio halina kinga, tukio si jeraha. Kuanguka ni jambo moja. Kuvunjika fuvu ni jingine. Kati ya hayo mawili kuna sentimita chache za povu gumu, na nafasi hiyo ndogo wahenga hawakuifunga. Wahenga hao hao walituachia pia tahadhari kabla ya hatari, na anayechukua methali moja na kuiacha mwenzake hajawasikiliza.

Tena walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Najua kwamba kinga ya methali hii ni kijinga cha moto, wala si hifadhi. Ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Hata hivyo mgongano huo unanifaa. Kijinga kimoja huzimika peke yake. Kofia bila miwani huvuliwa kwa sababu ya vumbi. Miwani bila kofia hulinda macho ya kichwa kisicholindwa. Zikigusana sawasawa, kila moja humfanya mvaaji aivumilie nyingine siku nzima. Hapo ndipo kinga inapokuwa kinga.

Swali langu la mwisho nalielekeza kwetu sisi wa vyama vya Kiswahili. Ndani ya ile kofia ya tatu kulikuwa na kijitabu. Kilieleza namna ya kupima kichwa, kufunga mkanda na kuitupa kofia iliyopata kishindo. Kilikuwa katika lugha nne, na Kiswahili hakikuwamo. Mzee wa duka alituambia kwamba wateja hukitupa mlangoni. Tunaandika tasnifu kuhusu istilahi, tunajadili makongamanoni kama tuseme chapeo, neno tulilolitoa kwa Wareno na tunalolikuta katika Biblia, au helmeti, au kofia ngumu. Mjadala huo una mahali pake. Ila kijana wa Bokoli anahitaji kwanza sentensi kumi zilizo wazi, katika lugha anayofanyia kazi, zitakazomwambia apime wapi, avute wapi, na aangalie alama gani kwenye lenzi.

Mimi na mdogo wangu tulizijaribu sentensi hizo usiku mmoja, kwa taa ya sola, mimi nikiandika na yeye akifuta. Nilipoandika "mzunguko wa fuvu", alifuta akaandika "kichwa, juu ya nyusi". Nilipoandika "hakikisha upatanifu wa fremu na ukingo", alifuta akaandika "vaa zote mbili dukani, usilipe kabla". Karatasi imebandikwa kwenye kibanda cha steji, na vijana watatu wamekwisha kuja kuiazima futikamba ya mama. Ninawaomba wasomaji wa jarida hili waandike ya steji zao, kwa maneno yanayotumika huko, na wakubali kufutiwa na wale watakaoyasoma.